Sura ya Sita: Timu Inapomkosa Nyota Wake

Katika mpira wa kikapu wachezaji watano tu wa kila upande huwa uwanjani kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo uzito wa mtu mmoja ni mkubwa kuliko katika michezo mingine mingi ya timu. Mshambuliaji hodari wa soka anaweza kukaa robo saa bila kuugusa mpira, ilhali nyota wa kikapu huushika karibu katika kila shambulizi, hucheza dakika 35 au zaidi kati ya 48 za mechi ya NBA, ambayo ndiyo ligi kuu ya Marekani, na shambulizi linapokwisha hurudi mbio upande wa pili kulinda. Ndiyo maana habari ya goti la mtu mmoja hutosha kubadilisha mwelekeo wa msimu mzima. Sura hii inaeleza ni kitu gani hasa hupotea nyota anapoumia, na jinsi makocha na viongozi wa timu walivyojaribu kukabiliana na upotevu huo, wengine wakafaulu na wengine wakashindwa ingawa mipango yao ilikuwa ya busara.

Hesabu ya haraka ambayo mashabiki huifanya ni ya kutoa: nyota alikuwa akifunga pointi 25 kwa mechi, kwa hiyo timu itapungukiwa pointi 25. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu idadi ya mashambulizi haipungui eti mtu mmoja hayupo; mipira aliyokuwa akiirusha yeye itarushwa na wenzake, na baadhi yake itaingia. Kinachopungua ni ubora wa nafasi ambazo wenzake hurushia. Nyota anapokuwa uwanjani, mlinzi mmoja hamtoshi, hivyo mlinzi wa pili humwacha mtu wake na kwenda kusaidia, na kwa kufanya hivyo humwachia mchezaji mwingine sekunde moja au mbili za kusimama, kulenga na kurusha bila bughudha. Mchezaji wa kawaida anayefunga mitupo ya namna hiyo huonekana mrushaji mzuri, na kweli ni mrushaji mzuri, lakini sehemu ya uzuri huo ameazimwa na mtu anayevuta walinzi upande wa pili wa uwanja.

Fainali za NBA za mwaka 2019 kati ya Golden State Warriors na Toronto Raptors zinalionyesha jambo hili waziwazi. Golden State waliingia fainali bila Kevin Durant, aliyeumia msuli wa shavu la mguu tarehe 8 Mei, lakini walikuwa bado na Stephen Curry na Klay Thompson, warushaji wawili wa mbali ambao ilikuwa vigumu kuwalinda wakiwa pamoja kwa kuwa kumkazania mmoja ni kumwachia mwingine. Katika robo ya mwisho ya mechi ya pili Thompson alitoka akiwa ameumia msuli wa nyuma ya paja. Kocha wa Toronto, Nick Nurse, aliitumia nafasi hiyo kwa kuamuru ulinzi ambao huonekana zaidi katika mashindano ya shule, ambapo walinzi wanne hupanga mraba karibu na kikapu na wa tano, siku hiyo Fred VanVleet, humganda mtu mmoja tu popote aendapo. Mtu huyo alikuwa Curry. Dakika chache kabla ya hapo ulinzi huo ungekuwa wa kujiangamiza, maana Thompson angerusha atakavyo. Alipotoka, ukawa wa busara, na Golden State wakakaa zaidi ya dakika tano za mwisho bila kufunga hata pointi moja, mpaka Andre Iguodala alipotia mtupo wa pointi tatu sekunde chache kabla ya mechi kwisha na kuwaokoa kwa 109 dhidi ya 104. Katika mechi ya tatu Thompson hakucheza kabisa. Curry alifunga pointi 47, na timu yake ikafungwa 123 kwa 109. Mtu mmoja alifunga zaidi ya theluthi moja ya pointi zote za timu yake, na bado hakuweza kurudisha kile ambacho mwenzake alikuwa akileta kwa kusimama tu kwenye kona akiwa mzima.

Wachambuzi wa takwimu wana kipimo kinachosaidia kulieleza jambo hili, nacho ni kiwango cha matumizi, yaani sehemu ya mashambulizi ya timu ambayo humalizikia mikononi mwa mchezaji fulani akiwa uwanjani, iwe kwa kurusha, kwa kupata mitupo huru au kwa kupoteza mpira. Wachezaji watano wakigawana sawasawa, kila mmoja angekuwa na asilimia 20. Nyota wengi hufika 30 au kupita. Akiumia mwenye 30, asilimia hizo lazima zibebwe na wengine, na Dean Oliver, mmoja wa waasisi wa uchambuzi wa aina hii, alionyesha kwamba kwa wachezaji walio wengi ufanisi hushuka kadiri matumizi yanavyopanda. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mchezaji wa akiba anayefunga pointi nane kwa ustadi amezipata kwa kuchagua mitupo anayoiweza na kuiacha mingine. Akilazimishwa kurusha mara mbili zaidi, nusu ya mitupo yake itakuwa ile aliyokuwa akiiacha. Kocha anayempa mtu huyo kazi yote ya nyota humharibu mara mbili, kwani hapati pointi anazozitaka na pia humpotezea mchezaji ile kazi ndogo aliyokuwa akiifanya vizuri.

Kwa sababu hiyo, timu zilizofaulu mara nyingi hazikumtafuta mtu wa kusimama pale pale aliposimama majeruhi, bali zilibadilisha namna nzima ya kucheza. Mfano unaotajwa kila mara ni wa Los Angeles Lakers katika fainali za mwaka 1980. Senta wao, Kareem Abdul-Jabbar, mtu wa mita 2.18 aliyekuwa mchezaji bora wa ligi msimu huo, alitegua kifundo cha mguu katika mechi ya tano, akarudi uwanjani akichechemea na kumaliza na pointi 40, kisha akabaki Los Angeles timu iliposafiri kwenda Philadelphia ikiongoza kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Senta ni mchezaji anayekaa karibu na kikapu, kwa kawaida mrefu kuliko wote. Kocha Paul Westhead hakuwa na senta mwingine wa kiwango hicho na hakujifanya anaye. Aliianza mechi ya tarehe 16 Mei kwa kumweka katikati Magic Johnson, kijana wa miaka 20 aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza na ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuongoza mashambulizi kutoka nyuma. Johnson alifunga pointi 42, akatia mitupo huru yote 14 aliyopewa, akadaka mipira 15 na kutoa pasi saba za kufungisha, na Lakers wakatwaa ubingwa kwa 123 dhidi ya 107.

Masimulizi mengi huishia kwa Johnson, na hapo ndipo fundisho lenyewe hupotea. Jamaal Wilkes alifunga pointi 37 usiku huohuo. Pointi hizo zilipatikana kwa sababu eneo la chini ya kikapu, ambalo kwa kawaida hujaa watu wanaomzunguka Abdul-Jabbar, lilikuwa wazi, na kwa sababu Lakers walikimbia kila walipodaka mpira, wakiwavuta walinzi warefu na wazito wa Philadelphia katika mbio wasizoziweza. Kukosekana kwa senta kuligeuzwa kuwa nafasi kwa watu wepesi. Lakini ilikuwa mechi moja, na wapinzani hawakupata hata siku moja ya kuusoma mpango huo kabla ya kukutana nao. Nani ajuaye kama ungefaa katika mechi ya saba, baada ya makocha wa Philadelphia kukesha wakitazama filamu zake?

Hispania walikutana na mtihani kama huo katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka 2006 nchini Japani, na wao walichagua njia nyingine. Pau Gasol, ambaye baadaye alitangazwa mchezaji bora wa mashindano, alivunjika mfupa wa mguu wa kushoto mwishoni mwa nusu fainali ambayo Hispania waliishinda Argentina kwa pointi moja, 75 kwa 74. Katika mashindano ya timu za taifa kikosi ni watu 12 na hakuna kuita mwingine katikati ya safari. Fainali ilikuwa dhidi ya Ugiriki, waliokuwa wametoka kuwafunga Marekani pointi 101. Hispania waliwazuia Wagiriki haohao wasipate zaidi ya pointi 47, huku Jorge Garbajosa na Juan Carlos Navarro wakifunga 20 kila mmoja, na wakashinda kwa 70. Kipaji cha kufunga hakigawanyiki kirahisi, lakini ulinzi hugawanyika, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni miguu, mawasiliano na nidhamu ya kukimbia kusaidia. Ndiyo maana timu iliyopoteza mfungaji wake mkuu huona faida ya haraka zaidi katika kuwanyima wapinzani pointi kuliko katika kutafuta zake zilizopotea.

Mambo huwa magumu zaidi pengo linapodumu kwa mechi kadhaa mfululizo dhidi ya mpinzani yuleyule, na hakuna mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko ule wa Cleveland Cavaliers mwaka 2015. Timu hiyo ilijengwa juu ya watu watatu: LeBron James, Kyrie Irving na Kevin Love. Love aliteguka bega la kushoto katika raundi ya kwanza ya mtoano. Irving alivunjika pia ya goti katika muda wa nyongeza wa mechi ya kwanza ya fainali, tarehe 4 Juni, mechi ambayo James alifunga pointi 44 na Cleveland wakafungwa 108 kwa 100. Walibaki na nyota mmoja, na mbele yao walikuwa Golden State, timu iliyokuwa imeshinda mechi 67 kati ya 82 za msimu.

Kocha David Blatt na James waliamua kuipunguza kasi ya mechi. Kanuni huipa timu sekunde 24 za kurusha mpira, na Cleveland walizitumia karibu zote: James aliushika mpira, akausukuma taratibu kwa mgongo kuelekea kikapuni, akasubiri saa ikaribie kwisha, ndipo akarusha au akatoa pasi, huku majitu mawili, Timofey Mozgov na Tristan Thompson, yakisubiri kuudaka mpira uliokosa. Hoja iliyo nyuma ya mpango huo ni ya kihesabu na inafaa kueleweka. Timu bora huutumia ubora wake kidogo kidogo katika kila shambulizi, kwa hiyo mashambulizi yakiwa mengi tofauti ya uwezo hujitokeza, na yakiwa machache bahati hupata nafasi kubwa zaidi. Timu iliyo dhaifu hufaidika na mechi fupi. Matthew Dellavedova, Mwaustralia ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo, alipewa kazi moja ya kumng'ang'ania Curry kila hatua. Mpango ukafaulu. Cleveland walishinda mechi ya pili kwa 95 dhidi ya 93 na ya tatu kwa 96 dhidi ya 91, wakaongoza kwa mechi mbili dhidi ya moja, na katika mechi hizo mbili James alifunga pointi 39 na 40.

Gharama ilianza kuonekana usiku uleule wa mechi ya tatu, Dellavedova alipopelekwa hospitali kwa sababu ya kukakamaa misuli. Katika mechi ya nne kocha wa Golden State, Steve Kerr, alimweka benchi senta wake Andrew Bogut na kumwanzisha Iguodala, akawa na kikosi kifupi na chepesi ambacho kililazimisha mechi iende mbio. Mozgov, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko kila aliyemkabili, alifunga pointi 28, na Cleveland wakafungwa 103 kwa 82. Jambo hili liliwatatiza mashabiki wengi: iweje mtu anufaike na udhaifu wa mpinzani kwa pointi 28, na timu yake ifungwe kwa tofauti ya 21? Jibu ni kwamba kila shambulizi lililomwendea Mozgov lilifuatiwa na mbio za kurudi nyuma ambazo yeye na wenzake waliochoka hawakuziweza. Katika mechi ya tano Blatt alimchezesha dakika tisa tu, na hivyo akaiacha silaha yake pekee ili kuwafuata Golden State katika mchezo waliouweza wao. Cleveland hawakushinda tena.

James alimaliza fainali hizo kwa wastani wa pointi 35.8, ribaundi (yaani mipira iliyokosa aliyoidaka) 13.3 na pasi za kufungisha 8.8, akiwa mchezaji wa kwanza kuongoza timu zote mbili katika vipimo vyote vitatu. Alicheza karibu dakika 46 kati ya 48 za kila mechi, na mitupo yake iliyoingia haikufika asilimia 40. Ni makosa kuitazama asilimia hiyo kama doa katika kazi yake. Hiyo ndiyo sura halisi ya kiwango cha matumizi kinapovuka mpaka wa mwili wa binadamu, na mtu aliyefanya kazi ile anastahili heshima kubwa kuliko wengi waliobeba kombe. Mwaka uliofuata, Irving na Love wakiwa wazima, Cleveland waliwafunga Golden State haohao katika mechi saba.

Kutokana na mifano hiyo inaonekana kwamba maandalizi ya maana hufanyika kabla ya jeraha. Toronto Raptors walimpata Kawhi Leonard Julai 2018 baada ya msimu ambao alicheza mechi tisa tu kwa sababu ya maumivu ya msuli wa paja, na rais wa timu wakati huo, Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, alijua kwamba anamchukua mtu ambaye huenda mwili wake usimudu mechi 82. Timu iliweka utaratibu wa kumpumzisha kwa makusudi, hasa pale mechi mbili zilipofuatana usiku baada ya usiku, na mwisho wa msimu alikuwa amecheza mechi 60. Katika zile 22 alizokosa Toronto walishinda 17. Ushindi huo haukuwa wa bahati: kila Leonard alipopumzika, Pascal Siakam wa Kameruni alipewa mpira na ruhusa ya kukosea, na mwisho wa msimu alitangazwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika ligi. Mechi za kupumzisha zilimtunza Leonard na wakati huohuo ziliwafundisha wenzake kuishi bila yeye, na timu hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa mwaka 2019.

Mapumziko ya namna hiyo yamezua mgogoro na ligi, ambayo huuza tiketi na haki za televisheni kwa majina ya nyota. Mwaka 2012 San Antonio Spurs walitozwa faini ya dola 250,000 kwa kuwarudisha nyumbani wachezaji wao wakuu kabla ya mechi ya Miami, na tangu msimu wa 2023–24 mchezaji kwa kawaida hawezi kushindania tuzo kubwa za msimu asipocheza angalau mechi 65. Shabiki aliyejinyima ili amwone mchezaji mmoja ana madai ya haki, na hakuna sababu ya kumdharau. Hata hivyo ratiba ya mechi 82 ndiyo chanzo cha tatizo, na kanuni inayomsukuma mtu mwenye maumivu acheze ili afikishe idadi ni kanuni inayostahili kutiliwa shaka.

Jeraha la mwaka mzima ni suala la aina nyingine, kwa kuwa linatoka mikononi mwa kocha na kuingia ofisini. NBA ina ukomo wa mishahara, yaani kiasi ambacho timu haiwezi kukivuka kirahisi inapoajiri wachezaji, na mshahara wa majeruhi huendelea kuhesabiwa ndani yake kana kwamba anacheza. Ligi hutoa nafuu kidogo: timu inaweza kuruhusiwa kumwajiri mtu wa muda kwa sehemu ya mshahara wa majeruhi wa msimu mzima, na wachezaji wanne wakikosekana kwa pamoja inaweza kuongeza mwingine juu ya idadi ya kawaida. Nafuu hizo huleta watu wa kujaza benchi, hazileti nyota.

Golden State waliingia katika hali hiyo kwa siku nne za Juni 2019. Tarehe 10 Durant, aliyerudi uwanjani baada ya mwezi mmoja, alikatika kano ya kisigino, ule mshipi mnene unaounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Tarehe 13 Klay Thompson, akiwa tayari amefunga pointi 28, alichanika ligamenti ya mbele ya goti, ambayo kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja. Aligeuka akiwa njiani kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, akarudi, akatia mitupo huru miwili kwa goti lililochanika, kisha akatolewa. Durant akaenda Brooklyn. Mwishoni mwa Oktoba Curry akavunjika mkono wa kushoto. Timu iliyokuwa imecheza fainali tano mfululizo ikamaliza msimu wa 2019–20 kwa kushinda mechi 15 na kupoteza 50, ya mwisho katika ligi nzima.

Kushindwa huko kulileta kitu ambacho timu kubwa hukikosa, nacho ni nafasi ya juu katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, ambao kila mwaka huzipa kipaumbele timu zilizofanya vibaya. Golden State walichagua wa pili mwaka 2020, wakamchukua senta James Wiseman. Wengi waliliona hilo kuwa fidia ya msimu uliopotea, lakini Wiseman naye aliumia goti, akakosa msimu wote wa 2021–22, na hatimaye akauzwa. Faida ya kweli ilitoka pale ambapo wachache walikuwa wakitazama. Durant alipoondoka, timu ilihakikisha inapata mtu badala yake, D'Angelo Russell, na Februari 2020 ikambadilisha Russell kwa Andrew Wiggins pamoja na nafasi ya uteuzi ambayo baadaye ilimleta Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma. Jordan Poole, aliyechaguliwa wa 28, alipewa dakika nyingi katika msimu ule mbaya ingawa alikosa mitupo miwili kati ya kila mitatu. Timu inayogombea ubingwa isingemvumilia. Mwanzoni mwa 2021 aliteremshwa katika timu ya maendeleo ya Santa Cruz, akarudi akiwa mtu mwingine, na msimu wa 2021–22 alikuwa akifunga wastani wa pointi 18.5.

Linabaki suala la kurudi, ambalo mara nyingi husimuliwa kama furaha tupu, ilhali ndilo lenye maamuzi ya hatari kuliko yote. Msuli wa shavu la mguu na kano ya kisigino hufanya kazi kama kamba moja, na Durant alikuwa akitoka katika jeraha la msuli huo kano ilipokatika. Mwaka 2025 Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers, naye akiwa na maumivu ya shavu la mguu, aliingia katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Oklahoma City Thunder, akafunga pointi tisa katika dakika chache, kisha kano ya mguu uleule ikakatika katika robo ya kwanza. Indiana walifungwa 103 kwa 91, naye akakosa msimu mzima uliofuata. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mapumziko ya wiki moja zaidi yangewaokoa watu hao, na wote wawili walitaka kucheza. Lakini matakwa ya mchezaji katika wiki ya fainali hayawezi kuwa kipimo pekee. Uamuzi kama huo huwa huru zaidi katika timu ambayo imekwisha kujua jinsi ya kucheza bila mtu huyo, kwa kuwa hapo daktari anapokataa hamwambii kocha kwamba msimu umekwisha.

Thompson hakuwa na haja ya kuharakishwa, na hata hivyo alipokaribia kurudi, Novemba 2020, alikatika kano ya kisigino cha kulia mazoezini. Alirudi tarehe 9 Januari 2022, siku 941 baada ya mechi yake ya mwisho, akifunga pointi 17 dhidi ya Cleveland kwa dakika zilizowekewa kikomo. Miezi miwili baadaye Curry naye akaumia mguu wa kushoto, akakosa mechi 12 za mwisho wa msimu. Hatua ya mtoano ilipoanza dhidi ya Denver Nuggets, Kerr alimwanzisha Poole na kumweka benchi mfungaji bora wa timu yake, ili dakika zake zihesabike na mguu uzoee taratibu. Poole alifunga pointi 30 katika mechi ya kwanza. Katika ya pili Curry alitoka benchi akafunga 34 kwa dakika 23, jambo ambalo lingemshawishi kocha yeyote ambadilishie nafasi usiku uliofuata, na Kerr hakufanya hivyo. Alimwacha aingie baada ya wenzake katika mechi ya tatu na ya nne, akamwanzisha katika ya tano, na miezi miwili baada ya mtoano kuanza, tarehe 16 Juni, Golden State walikuwa mabingwa tena.